Isiyojulikana Kazi Si Isiyo na Kazi: Maelezo juu ya Kunyofoa Jeni za Chachu

Makala haya yamezaliwa na kosa langu mwenyewe, kwa hiyo yafaa nianze kwa kulikiri.

Nilikuwa katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, Mkoa wa Lindi, kwa kazi ya kukusanya maneno ya wapishi wa pombe. Ulikuwa msimu wa mabibo. Nchi ile ni nchi ya mikorosho, na tokea mwezi wa Septemba hata karibu na mwisho wa mwaka mabibo huanguka chini kwa wingi. Korosho hutengwa zikapelekwa ghalani; mabibo hupondwa na kukamuliwa, na maji yake yakiachwa chomboni huchacha yenyewe yakawa uraka. Kadhalika hupikwa pombe ya mtama, kwa kimea kilichooteshwa, kikaanikwa, kikasagwa. Mimi ni mtu wa isimu, na kilichonipeleka huko kilikuwa maneno: kuchacha, kuumuka, kuiva, mashapo, machicha, na mengine ya jamii hiyo.

Jioni moja alinijia mwalimu wa elimu ya viumbe, ambaye shule yake si lazima kuitaja. Alikuwa na karatasi ya Kiingereza iliyoeleza habari ya jeni moja ya chachu ambayo haijapata kuchunguzwa, na mambo yaliyotokea ilipoondolewa: jinsi chachu ilivyokua, na jinsi ilivyostahimili dhiki. Ingawa masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, mwalimu huyo alitaka kulieleza jambo lenyewe kwanza kwa Kiswahili, ili wanafunzi walishike. Aliniomba nimfasirie kichwa cha habari. Nami, bila ya kufikiri sana, niliandika “jeni isiyo na kazi”.

Kesho yake aliyaandika maneno hayo ubaoni. Mwanafunzi mmoja wa kike alinyosha mkono akauliza: ikiwa jeni hiyo haina kazi, wale walioiondoa walitaka kujua nini? Mwalimu alinitazama, nami sikuwa na jibu. Fasiri yangu ilikuwa imelifunga jambo kabla halijafunguliwa. Karatasi ilisema kwamba kazi ya jeni haijajulikana. Mimi nilisema kwamba kazi haipo. Baina ya maneno hayo mawili mna umbali mkubwa, na nia ya makala haya ni kuupima umbali huo, kwa kueleza jinsi jeni isiyojulikana inavyochunguzwa na sababu za kuichunguza.

1. Neno “pombe” lilivyosafiri

Jambo hili laweza kuonekana kuwa geni kwa wasomaji wa jarida la lugha, lakini Kiswahili kimo ndani yake tangu mwanzo.

Katika mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani aliyeitwa Paul Lindner alieleza habari za chachu iliyopatikana katika pombe ya mtama kutoka Afrika ya Mashariki. Chachu hiyo haikuwa kama ile iliyozoewa katika viwanda vya bia vya Ulaya. Chachu ya bia huzaa kwa kuchipua: kichembe kidogo hutokeza ubavuni mwa mama yake, kikakua, kisha kikatengana naye. Hii nyingine ilikuwa ndefu kama kijiti, nayo huzaa kwa kujipasua katikati ikawa mbili zilizo sawa. Lindner aliiita Schizosaccharomyces pombe. Sehemu ya kwanza ya jina imetungwa kwa Kiyunani, na maana yake ni kuvu ya sukari inayojipasua. Sehemu ya pili ni neno letu wenyewe, wala halikubadilishwa hata herufi moja.

Tangu hapo chachu hiyo imepata sifa kubwa. Katika miaka ya 1940 Urs Leupold wa Uswisi alianza kuchunguza jinsi inavyorithisha tabia zake, na katika miaka ya 1950 Murdoch Mitchison wa Edinburgh aliitumia kuchunguza jinsi seli inavyokua na kugawanyika. Mwaka 1987 Melanie Lee na Paul Nurse walionyesha jambo la ajabu: walichukua chachu ya pombe ambayo jeni yake iitwayo cdc2 ilikuwa na kasoro, nayo kwa hiyo haikuweza kugawanyika katika joto fulani, wakaitia jeni ya mwanadamu inayolingana na hiyo, chachu ikagawanyika kama kawaida. Mwaka 2001 Nurse, pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt, alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi juu ya mgawanyiko wa seli. Mwaka 2002 maandishi yote ya urithi wa chachu hiyo, yaliyomo katika kromosomu 3, yalitangazwa.

Basi neno pombe hutajwa kila siku katika maabara za nchi za mbali, na wanaolitaja wengi hawajapata kuiona pombe ya mtama. Sisi tuliolitoa neno twadaiwa maelezo kwa lugha ile ile.

2. Maneno ya kuanzia

Kwanza, chachu na hamira. Hamira, neno lililotoka Kiarabu, ndiyo ile punje kavu inunuliwayo dukani kwa ajili ya maandazi na mikate. Chachu ni neno pana zaidi, lenye asili moja na kitenzi kuchacha, nalo hutumika kwa kila kitu kiumuacho au kichachushacho. Hamira ya dukani ni chachu iliyokaushwa, ya aina ile ile itumiwayo katika bia, yaani Saccharomyces cerevisiae. Katika makala haya nitasema chachu kwa aina zote mbili: chachu ya bia, ichipuayo, na chachu ya pombe, ijipasuayo.

Pili, seli. Kila chachu ni kiumbe cha seli moja tu, yaani chembe moja iliyo hai, isiyoonekana kwa macho matupu. Lakini seli hiyo ina kiini chake ndani ya utando wake, kama zilivyo seli za mkorosho na za mwanadamu. Hiyo ndiyo sababu ya kuitumia kama kioo: mengi yaliyomo ndani yake yamo pia ndani yetu.

Tatu, jeni. Ndani ya kiini mna nyuzi ndefu ambazo Watanzania wengi siku hizi huziita vinasaba, kutokana na neno nasaba; na jina hilo lafaa, kwa kuwa ndizo zibebazo urithi. Jeni ni fungu moja la uzi huo, lenye maagizo ya kutengenezea kitu fulani, aghalabu protini. Chachu ya pombe ina jeni zipatazo 5,000, na chachu ya bia zipatazo 6,000.

Wataalamu walipoyasoma maandishi hayo yote waliweza kuona mahali kila jeni ilipo, hata zile ambazo hawakujua kazi zake. Hizo zilipewa namba za mahali tu. Katika chachu ya pombe namba za jeni nyingi za kromosomu ya kwanza huanza kwa herufi SPAC, za kromosomu ya pili SPBC, na za tatu SPCC. Ni kama mgeni aingiaye mji na daftari la namba za nyumba: ajua kwamba nyumba ipo, na ipo mtaa gani, lakini hajui nani akaaye ndani wala afanya kazi gani. Mtu mwenye akili hawezi kusema kwamba nyumba hiyo haina mtu ati kwa sababu yeye hajabisha hodi.

3. Kunyofoa ni nini

Njia moja ya kubisha hodi ni kuiondoa jeni na kutazama ni nini kitakachoharibika. Kwa tendo hili nimechagua kitenzi kunyofoa. Kufuta kwafaa kwa maandishi, lakini kwaacha mahali patupu, na hapa mahali hapaachwi patupu. Kung'oa kwaashiria kuchukua pamoja na mizizi na udongo ulio jirani. Kudondosha ni neno letu la isimu kwa sauti inayopotea katika matamshi, nalo huonyesha kitu kinachoanguka chenyewe. Kunyofoa ni kutoa kipande kidogo kwa makusudi, na palipobaki pakawa pazima.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Hutengenezwa kipande kifupi cha uzi wa urithi. Ncha zake mbili zimeandikwa sawasawa na maandishi yaliyo kabla na baada ya jeni inayotakiwa kuondolewa. Bali katikati, mahali pa jeni yenyewe, pametiwa jeni nyingine ya alama, yenye kuipa seli nguvu ya kustahimili dawa fulani iuayo chachu. Kipande hicho hutiwa ndani ya seli. Seli chache, kwa desturi yao ya kulinganisha na kutengeneza nyuzi zao, huona ncha zinafanana, hubadilisha, na hivyo hupokea alama na kupoteza jeni. Kisha seli zote hupandwa juu ya chakula kilichotiwa ile dawa. Zisizo na alama hufa. Zilizo nayo huishi. Halafu huhakikishwa kwa kupima uzi wenyewe kwamba alama imekaa mahali pake hasa, si penginepo.

Hapo huzuka tatizo. Je, ikiwa jeni hiyo ni ya lazima kwa uhai? Seli iliyonyofolewa itakufa, na mchunguzi hatakuwa na kitu cha kuchunguza. Kwa hiyo huanzwa na seli yenye nakala mbili za kila jeni, ikanyofolewa nakala moja tu. Ile ya pili huihifadhi. Baadaye seli hiyo huachwa itoe spora 4, ambazo ni kama mbegu: mbili zimerithi jeni nzima, na mbili zimerithi pengo. Zikimea zote 4, jeni si ya lazima. Zikimea 2 tu, jeni ni ya lazima.

Kazi hii imekwisha kufanywa kwa karibu kila jeni ya chachu hizi mbili. Mkusanyo wa chachu ya pombe, uliotangazwa mwaka 2010, ulifikia asilimia 98.4 ya jeni zake. Na yapata jeni 26 katika kila 100 zilionekana kuwa za lazima kwa uhai. Zilizobaki, robo tatu hivi, zaweza kunyofolewa na chachu ikaishi. Chachu asilia, isiyoguswa, nitaiita ukoo mzima. Na ile iliyonyofolewa nitaiita ukoo pungufu.

4. Kupima ukuaji

Baada ya kupata ukoo pungufu ulio hai, swali la kwanza ni hili: je, hukua kama ukoo mzima? Huchukuliwa seli chache za kila ukoo, hesabu yake ikiwa sawa, zikatiwa katika chakula cha majimaji chenye sukari na mahitaji mengine yote, joto la digrii 30 au 32, na chombo kikatikiswa. Maji yale huanza yakiwa meupe, kisha huwa na utusitusi kadiri seli zinavyoongezeka. Utusitusi huo hupimwa kwa mwanga kila baada ya muda.

Huonekana vipindi vitatu. Cha kwanza ni cha kujiandaa, ambapo seli huzoea mahali papya na hesabu haipandi. Cha pili ni cha kuongezeka maradufu: moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Cha tatu ni cha kutua, chakula kinapopungua. Jeni iliyonyofolewa yaweza kudhuru kipindi kimoja bila ya kingine, na kipindi chenyewe kilichodhurika ni dalili ya kwanza ya kazi yake.

Tofauti ndogo isidharauliwe. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Ukoo mzima hujigawa kila dakika 120, na ukoo pungufu kila dakika 150. Kwa saa 10 wa kwanza hujigawa mara 5, na seli moja imekuwa 32. Wa pili hujigawa mara 4, na seli moja imekuwa 16. Kuchelewa kwa nusu saa kumekuwa nusu ya jamii nzima. Katika mtungi mmoja ambamo koo zote mbili zinagombea sukari ile ile, ule unaochelewa hautachukua siku nyingi kabla ya kutoweka.

Lakini mara nyingi sana mchunguzi haoni tofauti yoyote. Katika chachu ya bia yapata jeni 80 katika kila 100, ikinyofolewa moja moja, chachu huendelea katika chakula kizuri bila ya dosari iliyo wazi. Hapa ndipo mtu mwenye haraka husema, kama nilivyosema mimi, kwamba jeni haina kazi.

5. Kupima ustahimilivu wa dhiki

Katika kijiji kimoja cha Ruangwa nilikaa na bibi mmoja mpishi wa pombe ya mtama. Nilimwuliza ajuaje chachu njema na chachu mbaya. Alinieleza kwamba siku ya kwanza haitazami, kwa kuwa siku ya kwanza kila chachu hutoa povu. Huitazama siku za mwisho, pombe inapokuwa kali na jua limepiga mtungi kutwa, ndipo ajue ipi ya kuiweka kwa upishi wa pili na ipi ya kumwaga. Niliyaandika maneno yake kwa ajili ya msamiati wangu, wala sikujua kwamba amenipa jibu la yule mwanafunzi wa Nachingwea.

Hebu tufikiri juu ya maisha ya chachu ndani ya mtungi wa uraka. Mwanzoni maji ya mabibo yana sukari nyingi, na utamu mwingi huvuta maji kutoka ndani ya seli. Maji hayo ni makali kwa asidi, tena yana ule ukakasi unaokausha kinywa. Joto la miezi hiyo ni kubwa. Kisha chachu yenyewe hutoa kileo, na kileo hicho kinapozidi huwa sumu kwa hiyo hiyo iliyokitoa. Mwisho sukari huisha, njaa ikaingia. Hivyo chombo kimoja, kwa siku chache, huleta dhiki za namna tano au sita, moja baada ya nyingine. Chakula cha maabara hakina hata moja. Jeni ambayo kazi yake ni kuiokoa seli katika kileo haiwezi kuonekana ikifanya kazi mahali pasipo kileo, kama vile mwavuli usivyoonekana faida yake wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo wachunguzi huileta dhiki maabarani kwa mpango. Hutayarisha sahani za chakula kigumu: moja ya kawaida, nyingine yenye chumvi nyingi, nyingine yenye haidrojeni peroksaidi, ambayo huunguza sehemu za seli, nyingine yenye kileo, na nyingine hutiwa katika joto la digrii 37. Seli za koo zote mbili huzimuliwa mara 10, mara 100, mara 1,000, na tone la kila kiasi hudondoshwa safu kwa safu. Baada ya siku mbili tatu husomwa kama maandishi. Ukoo mzima umeota hadi tone la mwisho. Ukoo pungufu katika sahani ya kawaida umeota vivyo hivyo, lakini katika sahani ya chumvi umekoma tone la pili. Hapo jeni imeanza kusema.

Mfano uliochunguzwa sana katika chachu ya pombe ni jeni iitwayo sty1. Protini yake hupeleka habari ya dhiki ndani ya seli, ili seli ijitayarishe. Chachu iliyonyofolewa jeni hiyo huishi na kuongezeka penye raha, ingawa seli zake hurefuka kwa kuchelewa kugawanyika. Lakini ikitiwa katika chumvi nyingi, joto kali au peroksaidi, huanguka. Wanadamu wana protini za jamaa hiyo, ziitwazo p38, nazo hufanya kazi ya namna hiyo hiyo.

Je, ni jeni ngapi zitakazosema zikiulizwa kwa dhiki? Mwaka 2008 yalitangazwa majaribio 1,144 juu ya mkusanyo wa chachu ya bia, kwa dawa na dhiki za namna nyingi. Matokeo yalikuwa kwamba jeni 97 katika kila 100 zilionyesha athari ya ukuaji iliyoweza kupimwa, angalau katika hali moja. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya chachu ya pombe: koo pungufu 3,509 zilipandwa katika hali 131, na 3,492 kati ya hizo zilionyesha athari, miongoni mwake zimo 124 ambazo jeni zao zilikuwa hazijachunguzwa kabisa, na ambazo jamaa zake zimo pia katika mwanadamu. Basi ukimya wa jeni katika chakula kizuri haukuwa dalili ya uvivu wake. Ulikuwa dalili ya uchache wa maswali yetu.

6. Hadhari

Hata hivyo, haifai tukimbilie upande wa pili na kuamini kila tofauti tuionayo. Hapana budi kuwa na hadhari nne.

Ya kwanza: ukoo unaokua polepole aghalabu hustahimili joto na dhiki nyingine zaidi ya ukoo unaokua upesi, kwa kuwa seli isiyo na haraka ya kuzaa imekwisha kujihami. Ukoo pungufu ukionekana kuwa mstahimilivu, yafaa kuuliza kwanza kama ustahimilivu huo watokana na jeni yenyewe au ni matokeo ya uchelewaji tu.

Ya pili: kunyofoa kwaweza kugusa jeni jirani, maana nyuzi za chachu zimebanana sana. Kosa la jirani laweza kuhesabiwa kuwa la aliyeondoka.

Ya tatu: chachu haikai bure. Ikipungukiwa, yaweza kupata badiliko jingine la kufidia upungufu, hata kuongeza nakala ya kromosomu nzima. Mchunguzi hudhani anatazama pengo moja, kumbe atazama pengo na kiraka chake.

Ya nne: jeni nyingine zina pacha. Ikiondolewa moja, pacha hushika kazi, na hapana kinachoonekana mpaka zinyofolewe zote mbili.

Dawa ya hadhari hizi, au kubwa kati ya dawa zake, ni kuirudisha jeni. Jeni ile ile hutiwa tena ndani ya ukoo pungufu. Nguvu iliyopotea ikirudi, ushahidi umetimia; isiporudi, sababu itafutwe kwingine. Tena kazi hufanywa kwa koo pungufu mbili au zaidi zilizotengenezwa mbalimbali. Na baada ya hayo yote, kujua kwamba jeni husaidia chachu kustahimili chumvi bado si kujua namna inavyosaidia. Ni mlango uliofunguka. Kuingia nyumbani ni kazi nyingine.

7. Mfano wa -ku-

Kwa wanafunzi wa lugha nitatoa mfano mmoja, kwa kuwa nao ulinisaidia mimi mwenyewe.

Tuseme mgeni achunguza kipande -ku- katika neno anakula. Ajua kwamba a- ni mtendaji, -na- ni wakati, na -la ni kitenzi. Kipande -ku- hapo hakiongezi maana yoyote. Tena akitazama vitenzi kama anapika, analima na anasoma, haoni -ku- ndani yake wala haoni upungufu. Ataandika katika daftari lake: kipande kisicho na kazi.

Lakini na akinyofoe katika anakula. Litabaki *anala, na hakuna Mswahili atakayelikubali. Akinyofoe pia katika alikula, atakula na amekula: yote huharibika. Kisha na atazame akala, akila na hula: hayana -ku-, nayo ni mazima. Zaidi ya hayo, ukisema anakila chakula, -ku- huondoka yenyewe mara kiambishi cha mtendwa kinapoingia. Sababu ni mkazo. Mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Viambishi -na-, -li-, -ta- na -me- haviwezi kuubeba hapo, basi -ku- husimama aubebe. Viambishi -ka- na -ki-, na kiambishi cha mtendwa, huweza kuubeba wenyewe, na kwa hiyo hawamhitaji msaidizi.

Kwa hiyo -ku- kina kazi, ila kazi hiyo huonekana katika mazingira fulani tu, tena kwa kukiondoa. Aliyekichunguza katika anapika peke yake alitafuta mahali pasipo na mzigo, akamtuhumu mchukuzi kuwa hana kazi. Sisi wanaisimu tumelijua jambo hili kwa muda mrefu. Ndiyo maana kosa langu la Nachingwea lilinitia haya zaidi.

8. Istilahi na mwisho

Inakadiriwa, kwa hesabu zilizotangazwa mwaka 2019, kwamba yapata moja ya tano ya protini za chachu, na vivyo hivyo za mwanadamu, bado haijulikani zinafanya nini. Mtoto wa Nachingwea au Ruangwa aambiwaye kwamba jeni hizo hazina kazi amefungiwa mlango. Aambiwaye kwamba kazi zake hazijajulikana ameachiwa kazi ya kufanya. Tofauti hiyo yote imo katika kiambishi na kitenzi kimoja.

Kwa ajili ya walimu napendekeza maneno haya. Jeni ambayo kazi yake haijabainishwa: kwa kila jeni iliyosomwa mahali pake bila ya kujulikana itendalo. Kunyofoa jeni: kwa tendo la kuiondoa kwa makusudi. Ukoo mzima na ukoo pungufu: kwa chachu asilia na ile iliyonyofolewa. Ustahimilivu wa dhiki: kwa uwezo wa kuishi penye shida, wala lisitumiwe hapa neno mkazo, ingawa Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo yote mawili. Kurudisha jeni: kwa jaribio la uthibitisho.

Kabla ya kuondoka Nachingwea nilirudi katika darasa lile. Mwalimu alinipa chaki, nami nikafuta maneno yangu na kuandika maneno mapya. Yule mwanafunzi aliyasoma, kisha akauliza ni dhiki ipi ingefaa kujaribiwa kwanza. Nilimwelekeza kwa mwalimu wake, na mwalimu wake akamwelekeza kwenye mtungi wa uraka.

Wasomaji walio na maneno bora kuliko haya, hasa waliokaa na wapishi wa kusini, wanaombwa wayalete yapimwe.